Mende wa mavi: lile donge usilicheke, huenda ndiyo nyumba ya mtoto wake

Mzee wa Madonge:
Wakuu habari zenu. Kuna mdudu karibu kila mtu ameshamwona, yule anayesukuma donge la mavi kwa miguu ya nyuma, kichwa chini makalio juu, tunacheka tunapita. Mimi huyu jamaa nimemfuatilia muda sasa na naona tunamwangalia mahali pasipo na mambo, macho yetu yote yako kwenye lile donge linavyozunguka juu ya ardhi, wakati shughuli yenyewe iko chini, gizani, kule anakozalia.

Uzazi wake umekaa tofauti kabisa na wadudu wengi. Inzi anatua kwenye kinyesi hichohicho, anaachia mayai mia hivi kwa mkupuo, anaruka zake, wa kupona atapona wa kufa atakufa. Mende wa mavi jike, kwa wengi wao, ana ovari (kiungo cha kutengeneza mayai) moja tu, ya kushoto, na ndani ya hiyo moja kuna mrija mmoja tu wa kukuza mayai. Moja tu! Wadudu wengine wana ovari mbili na mirija kibao. Kwa hiyo yai linakuja moja, kubwa kweli ukilinganisha na mwili wa mama, likitoka ndiyo linaanza kuiva lingine. Kuna aina ambazo jike maisha yake yote hafikishi watoto ishirini, na kwa mdudu hiyo ni idadi ya kuchekesha.

Sasa ukizaa kidogo hivyo huna namna, lazima ulee. Nitaeleza anavyolea, maswali ruksa.

Kiroboto Mstaafu:
Nimewahi siti ya mbele, shusha nondo mkuu

Zuwena K:
Kabla hujafika mbali, ni wa aina moja au? Maana kuna wengine nawaona wapo kwenye kinyesi tu wala hawasukumi chochote

Mzee wa Madonge:
Swali zuri dada. Aina zinazojulikana ni zaidi ya 5,000, wapo kila bara isipokuwa Antaktika. Kwa tabia watu huwagawa makundi matatu. Wapo wasukumaji, hao ndio maarufu lakini kwa idadi ya aina ni wachache. Wapo wachimbaji, hawa wanachimba handaki palepale chini ya kinyesi au pembeni yake kidogo na kuburuta mavi ndani. Halafu wapo wakaaji, hawana haja ya kuhamisha kitu, wanaishi na kutaga mlemle ndani ya kinyesi, hao wamejaa zaidi nchi za baridi. Ulioona wewe yawezekana ni wachimbaji au wakaaji.

Na wapo wezi pia. Kuna vimende vidogo kazi yao ni kuingia kwenye donge ambalo mwenzao ameshalihangaikia na kutaga humo. Hao hawana hata aibu.

Mchimba Kisima:
Kwani kwa nini wengine wahangaike kusukuma wakati wangechimba hapohapo, mbona ni kujitesa

Mzee wa Madonge:
Msongamano mkuu. Kule Tsavo, Kenya, miaka ya 1970 watafiti waliweka kilo moja na nusu ya kinyesi cha tembo wakahesabu, walikuja mende kama 16,000, na ndani ya saa mbili mzigo wote ulikuwa umeliwa, umefukiwa au umesukumwa ukapelekwa. Sasa hapo ukikaa unachimba taratibu utamaliza kuchimba hakuna cha kuzika. Msukumaji anakata kipande chake anakiviringisha anakimbia nacho, na anakimbia kwa mstari ulionyooka ili asije akajikuta amezunguka amerudi kwenye ile fujo ambako watamnyang'anya. Ndiyo maana unamwona anapanda juu ya donge anazunguka kama anacheza, hapo anasoma anga. Mchana jua, usiku mwezi, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba aina moja ya Afrika Kusini usiku usio na mwezi inafuata mwanga wa ule mkanda wa nyota wa Njia Nyeupe. Waliwavalisha vikofia vidogo vya kuziba macho yasione juu, wakapotea njia. Mtu mzima na elimu yake alikaa akamkatia mende kofia.

Ila tusihamie kwenye nyota, turudi kwenye uzazi.

Kiroboto Mstaafu:
hahahaa kofia ya mende aisee

Ngonjera:
Mimi nilisikia Wamisri wa kale walisema hawa wadudu hawana majike kabisa, wote madume, dume anaweka mbegu kwenye donge mtoto anatoka. Hii ilitoka wapi?

Mzee wa Madonge:
Ni kweli ilisemwa, Plutarko Mgiriki aliiandika pia. Wamisri walikuwa na mungu wao Khepri wa jua la asubuhi, anachorwa kwa sura ya huyu mdudu, na ukiangalia unaelewa kwa nini: donge linaingia ardhini, siku nyingi baadaye kutoka ardhini palepale anaibuka mende mpya kabisa anang'aa. Hamna aliyeona jike likitaga sababu jike linataga chini. Mtu akitazama juu tu atasema huyu anajizaa.

Kosa lingine lililodumu sana ni la kudhani donge lolote linalosukumwa lina yai ndani. Jean-Henri Fabre, mtaalamu wa wadudu wa Ufaransa, alihangaika nalo miaka mingi, anapasua madonge hakuti yai. Mwisho kijana mchunga kondoo ndiye aliyemletea kitu alichofukua ardhini, siyo duara, kina umbo la kibuyu, chini kinene na juu kashingo. Yai lilikuwa kwenye shingo. Donge la kusukumwa na donge la kuzalia ni vitu viwili, la kwanza likifika chini ya ardhi jike ndiyo anaanza kulifinyanga kuwa la pili. Na mara nyingi donge linalosukumwa ni msosi tu, anaenda kulila peke yake.

Zuwena K:
Sasa dume na jike wanakutanaje?

Mzee wa Madonge:
Inategemea aina. Nichukue msukumaji mmoja mkubwa wa Afrika anaitwa Kheper nigroaeneus, huyu amechunguzwa vizuri. Dume akishapata kinyesi anasimama kichwa chini, makalio juu, anatoa harufu kutoka kwenye tezi za tumboni kuwaita majike. Jike akija akikubali, wanaondoka na donge, dume anasukuma, jike anafuata nyuma au amejipandia juu ya donge anabebwa. Mtu akiona atasema huyu mama mvivu. Subiri.

Wakifika penye udongo mzuri wanazika donge wanazama nalo. Kule chini ndiko wanapandana, halafu dume kazi yake imeisha anaondoka zake kutafuta kinyesi kingine. Kuanzia hapo yote ni ya mama. Analikoroga lile donge upya, analikandakanda, anatoa takataka, analifinyanga, anatengeneza kijichumba juu, anataga yai moja, anafunika kwa namna ambayo hewa inapita, na nje analipaka udongo. Halafu anakaa. Miezi kama mitatu hivi, mpaka mtoto atoke. Mtoto mmoja.

Mchimba Kisima:
Miezi mitatu anakaa kufanya nini sasa gizani na yai moja

Mzee wa Madonge:
Analinda na kusafisha. Adui mkubwa kule chini ni kuvu. Donge la mavi lenye unyevu limefungiwa ardhini kwenye joto, ukungu unalipenda kuliko hata buu anavyolipenda. Kuna jamii ya Copris, hawa ni wachimbaji, mama anachimba chumba kikubwa kidogo anatengeneza madonge kadhaa humo, kila donge yai moja, halafu anazunguka kutoka hili kwenda lile anakwangua ukungu na kuziba nyufa. Watafiti wakimtoa mama wakaacha madonge peke yake, kuvu inakula madonge na watoto wengi hawafiki. Kwa hiyo siyo mapambo, bila mama hamna mtoto.

Ila siyo wote wako hivyo. Jamii ya Onthophagus, vidogo vidogo hivi na ndio wenye aina nyingi kuliko wote, mama anachimba handaki, anapachika mavi kwenye tawi la handaki kama soseji fupi, anataga, anaziba, anahamia tawi lingine. Harudi kukaa nayo. Malezi yake yote yamo kwenye kile alichokipakia mwanzoni.

Ngonjera:
Na yai lenyewe likishatagwa inakuwaje, nipe hatua

Mzee wa Madonge:
Hatua ni zilezile za mbawakawa wote, yai, buu, pupa (hatua ya kutulia bila kula akigeuka), mende kamili, utamu uko kwenye namna zinavyopita ndani ya kitu kimoja kilichofungwa pande zote.

Yai linaangua baada ya siku chache mpaka wiki moja au mbili, joto ndiyo linaamua. Buu anatoka mweupe, amejikunja kama herufi C, na mgongoni ana nundu. Ile nundu ndiyo inabeba utumbo, maana chakula chenyewe ni nyuzinyuzi za majani ambazo ng'ombe mwenyewe ameshindwa kuzimaliza. Buu ana taya ngumu za kutafuna. Mama yake hana, mdomo wa mende mzima ni laini, anachuja ule majimaji na chembe ndogo ndogo zenye bakteria, nyuzi anaziacha. Kwa hiyo mama na mtoto wanakula kinyesi kilekile lakini kila mtu ana chakula chake.

Buu anakula kuta za nyumba yake kutokea ndani. Anajisaidia humohumo, anakula tena alichojisaidia, kinapita tumboni mara kadhaa. Na ukitoboa donge lake tundu dogo, anageuka, analeta makalio pale penye tundu, anaziba kwa mavi yake kama mtu wa plasta. Fabre alikuwa anawatoboa makusudi ili aone, wanaziba, anatoboa, wanaziba.

Anajivua ngozi mara mbili, kwa hiyo anakuwa na umri wa ubuu wa hatua tatu, ya mwisho ndiyo anakula kwa fujo na kunenepa. Akishiba anajilainishia chumba ndani kwa mavi yake mwenyewe, yakikauka yanakuwa ganda gumu, humo anageuka pupa. Pupa ukiiona tayari ina sura ya mende, miguu imekunjwa kifuani, na kama ni dume wa jamii ya pembe unaona pembe imevimba. Baadaye anatoka mende laini, mwekundu mwekundu au rangi ya maji ya chai, anangoja humo mpaka ganda lake likauke na kuiva rangi.

Kwa Onthophagus kwenye joto zuri safari yote inaisha kama mwezi mmoja na kidogo. Wakubwa wanachukua miezi. Na wengi wanangoja mvua hata wakiwa wameshakamilika, sababu udongo mkavu na donge lililokauka ni gumu kama tofali, mende mchanga hatoboi mpaka maji yalainishe. Ndiyo maana mvua za kwanza zikinyesha unawaona wamejaa ghafla.

Bibi wa Pili:
Swali la kizembe kidogo, samahani. Kama buu anakula nyuzi ngumu hivyo tumboni anazimeng'enyaje siku ya kwanza, hao bakteria wa kumsaidia anawapata wapi? Mtoto wa ng'ombe anawapata kwa mama na mazingira, huyu amefungiwa

Mzee wa Madonge:
Bibi hilo siyo la kizembe, hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwenye uzi huu. Mama wa Onthophagus kabla ya kutaga anaweka kibonge kidogo cha mavi YAKE MWENYEWE ndani ya chumba cha yai, na yai linasimamishwa juu yake. Buu akiangua, tonge la kwanza kabisa analokula ni hicho kibonge, na ndani yake kuna bakteria wa tumbo la mama. Wakikiondoa kibonge, mtoto anachelewa kukua na anakuwa mdogo, na hali ikiwa mbaya, joto likipandapanda au pakikauka, anaumia zaidi. Kwa hiyo kuna mavi ya ng'ombe ya kushibisha na kuna mavi ya mama ya kuanzishia maisha.

Kiroboto Mstaafu:
Yaani urithi wa mama ni mavi. Sina la kuongeza

Mchimba Kisima:
Umetaja pembe, za nini sasa kwa mdudu anayeishi mavini

Mzee wa Madonge:
Za kupigania handaki. Mchukue Onthophagus taurus, dume mkubwa ana pembe mbili ndefu zimepinda kurudi nyuma. Anasimama mlangoni mwa handaki la jike, akija dume mwingine wanasukumana kule ndani mmoja atoke. Nguvu zake si za kawaida, mwaka 2010 walipima wakakuta dume mmoja amevuta mzigo mara 1,141 ya uzito wake.

Lakini sikiliza hapa. Ndani ya aina hiyohiyo kuna madume hayana pembe kabisa au yana vijinundu tu. Siyo wachanga, wameshakomaa, ndiyo saizi yao ya mwisho, sababu mende akishatoka kwenye pupa haongezeki tena hata milimita. Kinachoamua mara nyingi ni chakula alichopata akiwa buu, yaani ukubwa na ubora wa donge alilofungiwa. Akivuka kiwango fulani cha mwili pembe zinaota ndefu, akiwa chini yake haazioti. Katikati ni wachache sana. Yaani mama alipokuwa anabeba mavi handakini, kila mzigo aliouongeza au kuuacha ulikuwa unapanga mwanae atakuwa dume la aina gani.

Zuwena K:
Maskini wasio na pembe basi hawazai

Mzee wa Madonge:
Wanazaa sana tu dada, usiwaonee huruma. Asiye na pembe hagombani mlangoni. Anachimba kihandaki cha pembeni kinachoingia kwenye handaki la jike chini ya yule mlinzi, anapanda haraka anatoka. Au anapita tu katikati ya miguu mlinzi akiwa anahangaika na mwingine. Na kwa kuwa mbegu zake zitashindana na za mwenye pembe, kwenye baadhi ya aina za jamii hii mwili wake umewekeza kwenye korodani, kwa uwiano wa mwili ni kubwa kuliko za mwenye pembe. Tofauti nyingine ni kwamba mwenye pembe anamsaidia jike kubeba mavi ndani, huyu mwizi habebi hata punje.

Na kuna aina nyingine, Onthophagus sagittarius, majike ndio wana pembe zao, wanapigana wenyewe kwa wenyewe kugombea kinyesi cha kulelea.

Ngonjera:
Huyo wa pembeni namfahamu, ila jina sitaji 😂

Tabibu wa Mifugo:
Wakuu niingize kitu upande wangu. Wafugaji wanapowapa ng'ombe dawa za minyoo za jamii ya ivermectin, sehemu kubwa ya dawa inatoka na kinyesi na inabaki na nguvu kwa muda. Mende mzima mara nyingi hafi, unamwona anakula vizuri, kumbe mabuu ndani ya madonge ndiyo yanakufa au hayamalizi hatua. Kwa hiyo usiangalie wazima ukasema mambo safi. Na kama mleta uzi alivyosema hawa wanazaa kidogo, idadi ikishuka kurudi ni taratibu sana, siyo kama inzi. Ushauri ni kutibu wanyama wanaohitaji badala ya kundi zima kila mara, na kuepuka kutoa dawa msimu ambao mende ndiyo wanazaliana.

Mzee wa Madonge:
Asante daktari, hapo umegusa penyewe.

Bibi wa Pili:
Na wakikosekana kabisa inakuwaje?

Mzee wa Madonge:
Australia walijua. Ng'ombe walifika kule na Waingereza 1788, mende wa asili wa kule walikuwa wamezoea vinyesi vikavu vidogo vya kangaruu, hivi vya ng'ombe vya majimaji vikawashinda. Vikabaki malishoni vimekauka, nyasi haioti chini yake, inzi wanazaliana humo mpaka kero. Mtaalamu George Bornemissza wa taasisi yao ya utafiti ya CSIRO akasema tulete mende, na kuanzia 1965 hadi 1985 wakaleta aina 43, nyingi kutoka Afrika, na 23 kati ya hizo zikashika.

Sasa wasiwasi ulikuwa magonjwa ya mifugo, huwezi kusafirisha mende aliyejaa mavi ya nchi nyingine. Kwa hiyo walichukua mayai tu, wakayaosha kwa dawa ya kuua vimelea, yakasafirishwa, kule wakayapandikiza moja moja kwenye madonge ya mavi ya ng'ombe wa kwao yaliyofinyangwa kwa mikono na watu. Binadamu walikaa kwenye maabara wakifanya kazi ya mama mende.

Mchimba Kisima:
Kwa hiyo mimi nikifukua donge nikaliweka kwenye kopo linatotoa?

Mzee wa Madonge:
Inawezekana. Usilipasue, weka udongo wenye unyevu kiasi chini na juu, usilowanishe sana kuvu itashinda, usilianike juani. Lilaze lilivyokuwa limelala ardhini, yai au buu mdogo ni laini mno. Kama ni jamii ya Copris na umemkuta mama yake humo, mchukue naye au bora rudisha udongo uondoke, maana bila yeye utaishia kufuga ukungu.

Kiroboto Mstaafu:
Na mti je, nimesikia kuna mmea unawatapeli hawa jamaa

Mzee wa Madonge:
Upo, Afrika Kusini, unaitwa Ceratocaryum argenteum. Mbegu zake ni duara za kahawia na zinanuka kama kinyesi cha swala. Mende anasukuma, anazika, halafu anakuta ni ngumu haziliki wala hazitagiki. Mmea umeshapandwa, mende hajapata kitu.

Zuwena K:
La mwisho langu. Yule wa miezi mitatu, mtoto akitoka mama anamwona?

Mzee wa Madonge:
Anakuwepo donge linapopasuka, ndiyo. Copris pia hivyohivyo. Ila malezi yanaishia hapo, mtoto ni saizi ya mama tayari, wote wana njaa, wanapanda juu kila mtu anatafuta kinyesi chake, na wakikutana kwenye kinyesi kimoja wanagombana kama wageni.

Ngonjera:
Uzi uwekewe alama huu, kesho narudi na swali la wale wanaokula majongoo

Mzee wa Madonge:
Deltochilum valgum wa Peru. Anamkamata jongoo mzima na kumkata kichwa. Njoo na swali, nipo.